Barua kutoka Lowell: Nani Atamlipa Mwenye Kumsikiliza Mtoto?

Wifi mpendwa,

 Huku Lowell, Massachusetts, baridi ya mwaka huu haina huruma. Mto Merrimack umeganda kingo zote mbili na watu wanatembea wamejifunika hadi puani. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa zamu ya usiku, wazee ninaowahudumia wakiwa wamelala. Umesema umeachiwa tena kazi ya ushauri nasaha juu ya vipindi vyako vyote vya Kiswahili na Historia, na kwamba ofisi uliyopewa ni ile stoo ya mipira na jezi. Halafu ukaniuliza: ni kweli huku kila shule ina mtu wa kuwasikiliza watoto? Na kama ni kweli, nani humlipa?

Nimeamua kukujibu hapa gazetini kwa sababu swali lako la pili huulizwa mara chache sana kwetu, na wazazi wa huko Ruiru unakofundisha, na wa Thika jirani, wanastahili kulisikia.

Si kila shule, wifi. Chama cha washauri wa shule cha Marekani hupendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na majimbo mengi hayajafika hapo. Lakini katika shule anayosoma mwanangu, mpwa wako, mshauri yupo, na hilo nalijua kwa sababu alinipigia simu.

Mpwa wako alikuwa ameanza kurudisha karatasi za mtihani zikiwa tupu. Si kwamba hakujua. Hakuandika kitu, hata jina. Mwalimu wa hesabu hakumchapa wala hakumfukuza aje na mzazi. Alimpeleka kwa mshauri. Nilipoitwa nilikuta chumba kidogo chenye viti viwili vya kuketi kwa raha, meza isiyo na rundo la madaftari ya kusahihisha, na karatasi mlangoni ambapo mwanafunzi huandika saa anayotaka kuja. Yule mshauri, ambaye ni mama, aliniuliza jambo ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza: "Asubuhi nani humwamsha?" Nikamwambia huamka mwenyewe, kwa kuwa mimi natoka kazini yeye akiwa ameshapanda basi la shule, na baba yake huondoka kabla ya alfajiri. Akaandika. Tangu siku hiyo kijana hupita chumbani kwake kabla ya kipindi cha kwanza, wanazungumza kidogo, kisha anaingia darasani. Karatasi zimeanza kurudi zimeandikwa.

Nataka uone kilichowezesha hayo. Yule mama si mwema kuliko wewe. Moyo unao, na watoto wa Ruiru wanakujia hata wakati wa chai ukiwa na kikombe mkononi. Tofauti ni kwamba yeye hana kipindi cha hesabu saa mbili na Kiingereza saa tatu. Kazi yake ni hiyo tu, na ina mshahara.

Mshahara huo unatoka wapi? Mji hukusanya kodi ya nyumba na ardhi, na jimbo huongeza fedha kwa kufuata hesabu maalumu ya gharama ya kila mtoto. Ndani ya hesabu hiyo mna gharama ya mwalimu, ya vitabu, ya kupasha majengo joto, na mna mstari wa ushauri na huduma za saikolojia. Mwaka 2019 Massachusetts ilipitisha sheria ya kuongezea shule dola bilioni 1.5 kwa kipindi cha miaka 7, na mstari huo wa ushauri ni miongoni mwa ile iliyoongezewa. Mwaka 2022 wapiga kura wakakubali kwamba mwenye kipato cha zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka alipe asilimia 4 zaidi juu ya kinachozidi hapo, na fedha hizo ziende kwenye elimu na uchukuzi.

Juu ya hayo huja ruzuku za serikali kuu, nazo nitazieleza kwa kirefu kwa sababu zina funzo kwetu. Mei 2022 kijana mwenye bunduki aliingia shule ya msingi ya Robb, mjini Uvalde, Texas, akaua watoto 19 na walimu 2. Mwezi uliofuata Rais Biden alitia saini sheria iliyotenga, pamoja na mengine, dola bilioni 1 kwa afya ya akili shuleni. Fedha hizo ziligawanywa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la kuajiri washauri, wanasaikolojia na maafisa wa ustawi wa jamii. La pili lilikuwa la kuunganisha vyuo vikuu na wilaya za shule zenye uhitaji, ili wanachuo wanaosomea kazi hiyo wafanye mazoezi yao shuleni na baadaye waajiriwe hukohuko.

Aprili 2025 serikali mpya ikaziandikia shule na vyuo kwamba ruzuku hizo zinasitishwa. Watu walikuwa wameshaajiriwa, na watoto walikuwa wameshazoea mlango fulani. Majimbo 16, letu likiwamo, yalikwenda mahakamani, na kabla mwaka haujaisha jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Seattle akaamua kwamba kusitisha kule kulikuwa kinyume cha sheria. Lakini fikiria miezi yote hiyo mkuu wa shule akiwa hajui kama mshauri wake atarudi muhula ujao.

Ndiyo maana mimi sishangilii sana neno ruzuku. Ruzuku ni mvua ya vuli: huja ikipenda. Kilichomweka yule mama chumbani mwake wakati wa misukosuko yote hii ni kwamba gharama yake imo katika hesabu ya kawaida ya kila mtoto. Tukipata ruzuku tuitumie, tena kwa mikono miwili, lakini vita vyetu viwe vya kuingia katika hesabu hiyo.

Sasa tuangalie hesabu ya nyumbani Kenya. Tangu 2018 mgao rasmi wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Una mafungu yake, unayajua kuliko mimi: vifaa vya kufundishia, ukarabati, maji na umeme, usafiri, michezo, mishahara ya wafanyakazi wasio walimu. Ushauri nasaha hauna fungu. Halafu hata hizo 22,244 hazifiki. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba serikali haimudu kiasi hicho chote, na kwamba kinachopatikana ni karibu shilingi 16,900. Pengo ni la shilingi 5,344 kwa kila mtoto. Mkuu wako anapokwambia hana hata ya kununua kufuli la ile stoo, hakudanganyi.

Nilipiga hesabu moja nikiwa kazini, nyuma ya karatasi ya zamu. Shule yenye wanafunzi 800, ikitengewa shilingi 500 tu kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, inapata shilingi 400,000. Hiyo ni zaidi ya shilingi 33,000 kwa mwezi. Kwa mshauri kijana aliyetoka chuoni si haba, na inatosha kumtoa mwalimu wa Kiswahili katika kazi ambayo si yake. Shilingi 500 hazifiki hata moja ya kumi ya lile pengo ambalo tayari tunanyimwa.

Wala si kwamba nchi haikuambiwa. Kamati ya Gachathi ilipendekeza ushauri nasaha shuleni mwaka 1976. Machi 2001 wavulana 67 waliungua wakafa katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, na jopokazi la Naomy Wangai lililochunguza ghasia za shule mwaka huohuo likarudia wito huo. Mwaka 2020 jopokazi la Dkt. Frank Njenga likapendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Utafiti wa kitaifa ulioongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC miongoni mwa vijana wa miaka 10 hadi 17 ukakuta kwamba zaidi ya 4 kati ya kila 10 walikuwa na tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia utafiti huo. Nusu karne ya mapendekezo, na mwalimu bado anamsikiliza mtoto akiwa ameketi juu ya gunia la mipira.

Nawaza sana juu ya Ruiru. Sensa ya 2019 iliupa mji huo zaidi ya watu 490,000, karibu mara mbili ya Thika. Mashamba ya kahawa tuliyoyajua yamekuwa ploti, ploti zimekuwa maghorofa ya kupangisha, na wapangaji ni watu wanaodamka saa kumi na moja kupanda matatu za mjini na kurudi usiku. Watoto wa Kimbo, Kihunguro na Githurai 45 hujifungia mlango na kujifungulia wenyewe. Kule Thika, mtoto wa Kiandutu ana shida nyingine, za mkate na chang'aa ya jirani. Sisemi wazazi wamewaacha. Wanatafuta kodi ya nyumba, kama mimi ninavyoitafuta huku. Ila mtu mzima pekee anayemwona mtoto huyo kwa mwanga wa jua, siku tano kwa wiki, ni mwalimu.

Na aibu tunayo bado. Kila matatu ya Thika hupita karibu na Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyopo tangu 1910, na sisi tulikua tukitumia jina hilo kutukanana uwanjani. Mtoto aliyekua hivyo atasemaje kwamba halali usiku? Angalau sheria imeanza kusogea. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kinachomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua kinakiuka Katiba. Mtoto aliyefika ukingoni sasa apelekwe hospitalini, asipelekwe kituoni, na ningependa kila naibu mkuu wa shule alijue hilo.

Nisije nikaonekana nakuletea mambo ya Wazungu. Mojawapo ya majaribio mazuri kabisa ya kazi hii limefanyika kwetu. Taasisi ya Shamiri, ambayo Mkenya Tom Osborn ni miongoni mwa waanzilishi wake, mwaka 2019 ilifanya jaribio katika shule 4 za sekondari za Nairobi na Kiambu, kwa wanafunzi 413 waliokuwa na dalili za huzuni nzito au wasiwasi. Hawakutafuta madaktari. Walifunza vijana waliomaliza sekondari, nao wakaongoza vikundi mara moja kwa wiki kwa majuma manne, wakizungumzia mtu kukua, kushukuru, na kuyapa thamani yaliyo ya kwake. Wanafunzi wa kundi la kulinganisha walifundishwa mbinu za kusoma. Miezi saba baadaye waliokuwa kwenye vikundi vya Shamiri bado walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Matokeo yakachapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry, ambalo madaktari wa huku husoma.

Ukichanganya hilo na lile fungu la pili la ruzuku za Marekani, la wanachuo kufanya mazoezi shuleni, utaona ninapoelekea. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika. Chuo Kikuu cha Kenyatta kiko pale Kahawa, mwendo mfupi kutoka Ruiru. Vyote viwili vinafundisha saikolojia, na kila mwaka wanachuo wake wanahangaika kutafuta atachimenti. Kati yao na shule yako kuna nauli ya matatu tu. Kinachokosekana ni posho ndogo, msimamizi mwenye ujuzi, na barua moja rasmi kutoka kwa mwenye mamlaka.

Mamlaka yapi? Hapa watu wengi hukata tamaa mapema. Wataambiwa kaunti haina kazi na sekondari, na kwa upande wa elimu ni kweli. Katiba imezipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Lakini afya ni ya kaunti. Hospitali ya Thika Level 5 ni ya Kaunti ya Kiambu, na Sheria ya Afya ya Akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022 inazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma za afya ya akili. Muuguzi wa afya ya akili akitoka Thika kuzunguka shule kumi kwa muhula, akiwasimamia wanachuo hao, hiyo ni huduma ya afya, na inaweza kulipwa kutoka bajeti ya afya bila kungoja Wizara ya Elimu pale Jogoo House.

Kwa hiyo, wifi, nakuomba hili. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na kabla na baada ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Vikao hivyo hujaa watu wanaodai lami na taa za barabarani, na ni haki yao. Nenda na wenyekiti wa wazazi wa shule mbili au tatu za jirani. Msipeleke malalamiko, pelekeni ombi la maandishi, ukurasa mmoja, lenye jina la huduma, idadi ya shule, idadi ya wanafunzi na kiasi cha fedha, na mdai lipigwe muhuri wa kupokelewa. Nakala mpelekeeni mwakilishi wa wadi na mbunge wenu, maana zile shilingi 500 za mgao ni za serikali ya kitaifa huko Nairobi na ni wabunge watakaozipigania. Rasimu nitakuandikia mimi Jumapili hii nikitoka kanisani, wewe uirekebishe. Nauli ya wajumbe kwenda Kiambu mjini na kurudi nitaituma kwa M-Pesa.

Nisalimie kaka yangu na watoto.

Wifi yako,
Lowell