Nyati, Bia na Mkono wa Mashoto

Leo naweka kando habari za programu na seva, nizungumzie mchezo wa unywaji uitwao Buffalo, yaani nyati. Wanafunzi wa vyuo vikuu Marekani, Uingereza na Australia wanaujua sana. Sisi hapa Nairobi tulifunzwa na mwenzetu wa kazi aliyetoka Australia.

Kanuni ni moja: unywe kwa mkono wa kushoto. Ukinaswa unakunywa kwa mkono wa kulia, wenzako wanapaza sauti "Buffalo!" nawe unamaliza glasi yote papo hapo. Kwa lugha ya programu:

kama (mkono == kulia) basi malizaGlasi();

Fupi, safi, na kila aliye mezani anaweza kuikagua kwa macho. Lakini haimjui mashoto. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, uliojumlisha takwimu za watu zaidi ya milioni 2, ulikuta mashoto ni kama asilimia 10.6. Piga hesabu: mezani wakikaa watu 10, uwezekano wa kuwapo mashoto walau mmoja ni takriban theluthi mbili. Huyo hachezi, anatazama wengine wakilewa.

Ndiyo maana wengine hurekebisha kanuni: kila mtu anywe kwa mkono asiouzoea. Haki imepatikana? Bado. Sasa kanuni inategemea data iliyo kwa mchezaji mwenyewe, na mchezaji ana sababu ya kudanganya.

Tena si kila mtu ana jibu moja. Dodoso la Edinburgh, lililochapishwa na R. C. Oldfield mwaka 1971, linauliza mambo 10, yakiwemo kuandika, kutupa, mkasi, mswaki na kuwasha kibiriti. Matokeo yake ni alama kati ya -100 na +100, wala si kweli au si kweli.

Nitazame mimi. Darasa la kwanza mwalimu aliihamisha penseli yangu kwa kiboko. Nyumbani nako ugali haukuguswa kwa kushoto. Lugha yenyewe ilishaamua, mkono wa kulia ndio wa kulia chakula. Lakini jiwe natupa kwa kushoto, na glasi naifuata kwa kushoto. Ukiniuliza naandika kwa mkono upi, nitajibu ukweli mtupu na nitakunywa kwa raha usiku kucha.

Na nyama choma ikifika? Hata asiye mashoto hushika glasi kwa kushoto, maana wa kulia umejaa mafuta.

Kuna rafiki aliyeniambia niache hivyo hivyo: mikasi na viti vya ukumbi wa mihadhara vimetengenezewa wao, basi sisi tupate hili moja. Sikubali. Kumaliza bia kwa mkupuo si adhabu ndogo, na mchezo ambao mmoja hawezi kushindwa ni mtego kwa waliobaki.

Pendekezo langu: glasi ya kwanza inywewe kabla ya chakula na kabla ya mchezo kutajwa. Mkono utakaoinua glasi bila kufikiri ndio utakaokatazwa. Usimuulize mtu, tazama anachofanya wakati hana cha kupoteza. Na asiyekunywa pombe aletewe soda. Kanuni ni ile ile.