Jiwe la Chuma la Mbozi



Naomba nafasi nieleze habari za Kimondo cha Mbozi, maana wengi hukitaja na wachache wamekitazama kwa makini, nacho chafaa kujulikana hasa na walimu, kwa sababu nitakayoitaja mbele.

Mtu atokaye Mbeya hushika barabara kuu iendayo Tunduma, na akiisha kuingia katika nchi ya Wanyiha huiacha, akafuata njia ya udongo kati ya mashamba ya kahawa na mahindi mpaka Ndolezi, ubavuni mwa kilima cha Marengi. Twalikwenda watu watano, mimi na mwalimu mwenzangu na wavulana watatu wa darasa la ubatizo. Mvua ilikuwa imekatika juzi tu, na udongo mwekundu ulitushika miguu hata tukafika tumechoka.

Kimondo chenyewe hakina umbo la kupendeza. Ni pande refu la chuma, urefu wake wapata meta 3, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16. Rangi yake ni ya kahawia inayokaribia weusi, na juu yake pana vishimo vingi, mfano wa alama aachazo mtu abonyezapo ugali kwa kidole gumba. Vishimo hivyo huonekana katika vimondo vingi, kwani hewa yenye moto mkali hula chuma kinaposhuka kwa kasi. Lakini shimo la kuangukia halionekani popote hapo, wala hapakusikiwa hadithi ya mtu aliyekiona kikianguka. Ndiyo maana husemwa kwamba kilianguka zamani sana, mvua na udongo vikafuta alama zake. Mwaka wa 1930 mpima ardhi, W. H. Nott, ndiye aliyewajulisha wataalamu habari zake. Wakati huo sehemu kubwa ilikuwa imefukiwa, wakachimba handaki kukizunguka ili kionekane chote. Mwaka wa 1967 serikali ilikiweka katika ulinzi wa kumbukumbu za taifa.

Kwenye ncha yake ziko alama za watu waliokata vipande. Mvulana mmoja alipoziona alimwuliza mzee aliyetupokea, “Babu, nasi tukichukua kidogo tu?” Mzee akacheka. “Mjukuu wangu, lete msumeno wako. Utazeeka kabla hujapata cha kujaza kiganja.” Kisha akasema bila kucheka kwamba kila ajaye hutaka kidogo tu.

Basi, kwa nini watu wakitamani hivyo? Si kwa sababu ya chuma, maana chuma tunacho katika majembe yetu. Ni kwamba chuma kilicho tayari, kisichoyeyushwa na mtu, ni nadra sana juu ya nchi. Kile cha ardhini karibu chote kimeshikamana na vitu vingine, nacho sharti kipitie tanuri, kama mafundi wa Ufipa walivyofanya katika matanuri yao marefu ya udongo. Bali Kimondo, katika sehemu 100, karibu 90 ni chuma, na zaidi ya 8 ni nikeli. Wataalamu wakisha kukata kipande cha namna hii, wakakisugua hata kikawa laini na kukipaka asidi, mara nyingi huona mistari iliyopishana kama ukili uliosukwa. Ni madini mawili ya chuma na nikeli, kamasiti na taeniti, yaliyojitenga polepole kwa mamilioni ya miaka ya kupoa. Hakuna mhunzi awezaye kungoja hivyo. Msomaji aliyesoma Matendo ya Mitume 19 atakumbuka kwamba watu wa Efeso nao walijisifia kitu kilichoanguka kutoka juu. Wale walikiabudu, sisi tumepewa ruhusa ya kukipima.

Na kupima ndiko nilikotaka kufika. Katika vijiji vyetu watu huokota jiwe zito jeusi, wakalificha chini ya kitanda wakidhani ni kimondo. Mara nyingi ni mavi ya chuma ya matanuri ya zamani; haya utayajua kwa matundu yake ya mapovu, ambayo chuma cha kimondo hakina. Au ni jiwe la sumaku. Sumaku hulivuta hilo, tena huvuta na kimondo, basi sumaku peke yake haitoshi. Nao wataalamu wa sasa husihi tusiiguse kwenye kimondo cha kweli, kwa kuwa hufuta usumaku wa kale wanaotaka kuuchunguza. Heri mizani. Lifunge jiwe kwa uzi, lipime, kisha lipime tena likiwa limezama ndani ya maji. Chuma cha gramu 800 hupungua majini kama gramu 100. Jiwe la sumaku la uzito uo huo hupungua zaidi ya 150.

Dhahabu ina majaribio yake. Ndugu mmoja wa usharika wetu, baba wa watoto sita, aliletewa na mgeni kifuko cha mawe ya kumetameta, akaambiwa ni dhahabu ya Lupa, naye alikuwa tayari kutoa ng'ombe wawili. Mkewe ndiye aliyemshika mkono waje kwangu kwanza. Twaliweka kijiwe kimoja juu ya chuma, tukakipiga nyundo. Dhahabu hutandazika ikawa bapa. Hiki kilipasuka vipande vipande, kikatoa harufu ya kiberiti. Kingine tukakisugua chini ya sahani, palipo pakavu pasipo mng'ao: dhahabu huacha alama ya manjano, hiki kiliacha alama nyeusi yenye kijani kidogo. Ni pairaiti, chuma kilichoungana na kiberiti. Ndugu yule alikaa kimya kitambo kirefu. Mgeni hakuonekana tena, na kifuko chake hakukifuata.

Ng'ombe wangali zizini. Mawe yako dirishani mwa shule pamoja na mizani, na wavulana huyapima kila Jumatano, mmoja mmoja, wakiandika hesabu zao ubaoni.