Mzee Wakili

Mpwa wangu yuko Shule ya Sheria. Juzi, kwenye arobaini ya jirani yetu wa Magomeni, aliniuliza huku akipokea sinia la pilau: "Mjomba, walipomkatalia kurudi kwenye uwakili, kwa nini hakuomba mapitio Mahakama Kuu?" Utadhani anauliza kwa nini mtu hakusubiri daladala la pili.

Marehemu nilikuwa karani wake, mjini, ghorofa ya pili. Ofisi ilinuka karatasi za kaboni, wino wa tapureta na kahawa ya tangawizi iliyoletwa kila saa nne. Mteja akisimama mlangoni na kuanza kumwaga shida zake, alimkatiza: "Keti kwanza, mama. Mambo ya mahakama hayasemwi wima." Kisha alisikiliza, hata kama mama mwenyewe hana senti.

Baadaye akala fedha za mirathi za mjane mmoja. Sina namna ya kulipamba hilo. Jina likafutwa kwenye daftari la mawakili mwaka 1983, kwa mujibu wa shajara yangu. 

Akauza gari, akamlipa mjane kidogo kidogo mpaka deni likaisha. Tapureta akaihamishia kibarazani, jirani na Mahakama ya Kisutu, akawa anawachapia watu barua za kuomba kazi na viwanja. Hati za mahakama hakuzigusa hata akibembelezwa, maana asiye wakili akiziandaa kwa malipo ametenda kosa. Watu waliendelea kumwita Mzee Wakili, naye aliinamisha uso kila alipoitwa hivyo.

Akaomba kurudishwa. Jibu nililisoma mwenyewe: mistari mitatu, ombi limekataliwa, sababu hakuna. Aliikunja barua, akaendelea kuchapa ya mtu. Kwenda kuwashitaki waliokunyima? Tuliamini huko ni kujipigilia mlango misumari kwa mkono wako.

Haki za binadamu ziliingia kwenye Katiba, vyama vikawa vingi, mawakili nao wakawa wengi. Mwaka 2020 Fatma Karume alifutwa uwakili Tanzania Bara. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikautengua uamuzi huo, na habari ikatufikia simuni kabla ya chakula cha mchana. Leo vijana wanazijua njia zote: rufaa hii, mapitio yale, kibali kwanza, miezi sita isipite. Vifungu wanavitaja kwa kasi inayochosha masikio. Muulize mmoja wao mteja wake anaishi na nani, hajui.

Nao hawaishi kunukuu shauri la Bolton la Uingereza, lililoamuliwa mwaka 1993: heshima ya taaluma ni kubwa kuliko riziki ya wakili mmoja. Sibishi. Ila mjane yule, ambaye neno lake lilikuwa zito kuliko letu sote, hakuulizwa na yeyote, na kwa vifungu vya mpwa wangu pia asingeulizwa. Kwenye mapitio jaji hatazami kama mtu ametubu. Hutazama kama alisikilizwa, kama sababu zilitolewa, kama waamuzi walikuwa na mamlaka. Akiutengua uamuzi, kwa kawaida jambo hurudi kwa wale wale waliokataa.

Kwa hiyo, wanasheria wetu, mkipata mteja wa namna hii, msiishie kwenye vifungu. Mtafuteni aliyedhulumiwa, naye ale kiapo.