Sare ya msaada isimvue mtoto heshima

Januari ni mwezi mgumu kwa kaya nyingi za wakulima wa uwanda wa juu wa Ufipa, mkoani Rukwa. Mvua zilizoanza Novemba bado zinanyesha na mahindi shambani hayajakomaa. Fedha za mavuno yaliyopita zimeishia kwenye mbegu, mbolea na vibarua wa palizi, na gunia lililobaki ni la kula, haliuzwi. Mwezi huohuo ndipo shule hufunguliwa.

Mfikirie mama mwenye watoto watatu katika kijiji kimojawapo nje ya mji wa Sumbawanga. Mkubwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza na sare ya shule ya msingi haimfai tena. Wa pili yuko darasa la tano, na kila somo linataka daftari lake. Mdogo anaanza darasa la kwanza. Shati atarithi kwa kaka yake, ila kaptula imechanika na haishoneki. Mama huyu hajakataa kusomesha. Anapiga hesabu usiku na kuona kwamba wiki ya kwanza atampeleka mmoja, labda wawili. Anayebaki nyumbani hahesabiwi kuwa ameacha shule. Anaambiwa asubiri kidogo, na wakati mwingine kusubiri huko ndiko kunakomtoa darasani moja kwa moja.

Ni kwa ajili ya kaya kama hiyo watu huandaa tamasha la hisani la kukusanya vifaa vya shule. Kwaya zinaimba, wasanii wa mjini wanajitolea, vikundi vya ngoma vinacheza, na kiingilio kinakuwa madaftari na kalamu badala ya fedha. Ni jambo jema. Ila wema huo una namna ya kufanywa, na anayeumia ukifanywa vibaya ni mtoto.

Ada imefutwa, daftari bado

Wapo wanaouliza kwa nini michango inahitajika wakati elimu ni bure. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne, na utekelezaji ukaanza Januari 2016. Katika mwaka wa fedha 2022/23 nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na cha sita. Hatua hiyo iliwaingiza darasani watoto wengi ambao wangebaki nyumbani.

Lakini sare, madaftari, kalamu, viatu na begi vilibaki kuwa jukumu la mzazi. Kwa mwenye mshahara ni gharama ya mwezi mmoja. Kwa mkulima anayepata fedha mara moja kwa mwaka, gharama hiyo humkuta wakati hana kitu.

Kwamba sare inaweza kuamua maisha ya mtoto si maneno ya jukwaani. Watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule 328 za msingi magharibi mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Katika baadhi ya shule hizo wanafunzi walipewa sare mbili bila malipo katika miaka ya mwisho ya shule ya msingi. Walioacha shule walipungua, na miongoni mwa wasichana mimba na ndoa za utotoni zilipungua pia. Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Jukwaa si mahali pa kumpandisha

Tatizo huanza pale vifaa vinapokabidhiwa. Mshereheshaji anaita majina. Watoto wanapanda jukwaani mmoja mmoja, wengine miguu mitupu, huku simu zimeinuliwa. Mgeni rasmi anashika ncha moja ya begi, mtoto anashika nyingine, wanatazama kamera. Jioni picha ziko kwenye makundi ya WhatsApp pamoja na jina la mtoto, jina la shule na maneno "anatoka kaya maskini sana".

Walioandaa hawakukusudia ubaya. Wanataka wachangiaji waone mchango umefika. Lakini Jumatatu mtoto huyo anarudi darasani kwa wenzake walioiona picha. Atataniwa kwa begi lake na kuitwa mtoto wa msaada. Mwingine ataona ni afadhali aliache begi nyumbani. Mzazi wake naye, aliyekuwa akijikaza, anajikuta ametangazwa kijiji kizima kuwa ameshindwa kulea.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja utu na heshima ya mtoto sambamba na elimu, afya na malazi. Hairuhusiwi kumpa kimoja kwa kumnyang'anya kingine. Njia mbadala ni rahisi: vifaa vikabidhiwe kwa mkuu wa shule na kamati ya shule mbele ya mashahidi, vihesabiwe, na mzazi aitwe avichukue kimya kimya. Wachangiaji waonyeshwe picha ya maboksi na karatasi ya makabidhiano yenye idadi na sahihi. Mtoto avae sare yake kama wenzake, bila mtu kujua nani aliinunua.

Waulizwe walioko darasani

Jambo la pili ni kujua kinachohitajika. Rukwa si mahali pamoja. Sehemu kubwa ya uwanda wa Ufipa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai baridi yake inauma mifupa. Huko sweta ni kifaa cha shule kama lilivyo daftari, maana mtoto anayetetemeka hashiki kalamu vizuri. Ukishuka Lyamba lya Mfipa kwenda bonde la Ziwa Rukwa, karibu mita 800 tu juu ya bahari, unakuta joto, na sweta hilohilo litabaki limekunjwa.

Viatu vinahitajika kote. Mabuu ya minyoo ya safura hupenya kwenye ngozi ya mguu usio na kiatu, na minyoo hiyo hunyonya damu mpaka mtoto akapungukiwa nayo. Mtoto wa namna hiyo huchoka na kusinzia, na mwalimu anaweza kudhani ni mvivu. Wasichana waliovunja ungo wanahitaji taulo za kike. Kampeni ya Namthamini ya East Africa TV na East Africa Radio imeonyesha kwamba jambo hilo linaweza kuchangiwa hadharani bila aibu. Kwa hiyo kabla bango la tamasha halijachapwa, waandaaji waende shuleni kwanza na kurudi na orodha: saizi za viatu, idadi ya madaftari, wavulana wangapi, wasichana wangapi.

Njia ya mchango ijulikane mapema

Hata matamasha makubwa duniani yamejikwaa hapa. Tarehe 1 Agosti 1971 George Harrison na Ravi Shankar walifanya tamasha la kuwasaidia wakimbizi wa Bangladesh katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York. Fedha za tiketi zilifika UNICEF. Lakini fedha nyingi za mauzo ya muziki wake zilikwama kwa miaka mikononi mwa mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa sababu taratibu za hisani hazikukamilishwa kabla. Wimbo ulisikika dunia nzima, na mwenye njaa akaendelea kusubiri.

Kwa tamasha la Sumbawanga somo ni lilelile kwa kiwango kidogo. Nani anatunza vifaa? Nani ana ufunguo wa stoo? Kipaza sauti na jenereta vinalipwa na nani? Shule zipi zitapokea, na lini? Majibu yaandikwe na kutangazwa siku ya kuuza tiketi.

Tamasha liwe la mavuno

Watu wengi hukumbuka vifaa vya shule Desemba, mfuko unapokuwa umetoboka. Ufipa mahindi huvunwa kuanzia Mei hadi Julai. Hapo ndipo mkulima ana cha kutoa bila kujiumiza, na hapo ndipo hata jirani maskini anaweza kuleta debe moja na kuhesabiwa kuwa mchangiaji. Wafipa hawahitaji kufundishwa jambo hili. Makanisani sadaka ya mavuno hunadiwa kila mwaka: kuku, maharage, ulezi, mahindi. Mnada kama huo ukifanywa katikati ya nyimbo, Julai au Agosti, unaweza kujaza stoo ya madaftari ya Januari.

Faida yake ya pili ni kwamba muda unatosha kushona. Sare zikishonwa na mafundi cherehani wa vijijini, fedha ya tamasha inabaki kwa wazazi wa watoto haohao.

Pia visigawiwe vyote kwa mara moja. Madaftari ya Januari hujaa, hupotea au huloa mvua. Robo ya vifaa ikibaki shuleni, mwalimu atakuwa na cha kumpa mtoto shule zinapofunguliwa tena Julai.

Kwa mzazi wa mjini

Usipeleke kwenye tamasha shati lisilo na vifungo ukasema watashona wenyewe. Lifue, lishone, lipige pasi, kisha mwite mwanao alikunje yeye mwenyewe. Akiuliza linakwenda kwa nani, mwambie linakwenda kwa mwanafunzi mwenzake. Usimwambie linakwenda kwa maskini. Kutoa ni moyo, na mtoto huujifunza moyo huo kwa maneno anayoyasikia nyumbani wakati nguo inakunjwa.