Mafuta mekundu si mamoja

Ninyi mulio na gari nyumbani, na ninyi vijana munaojifunza ufundi, leo tuongee juu ya bwate ya vitesi otomatiki. Katika njia ya Kasongo kwenda Kabambare, gari si ya kutembelea tu. Inabeba mchele, inabeba wachimbaji wa zahabu, na usiku inabeba mama mwenye uchungu wa kuzaa.

Mimi ni fundi. Kila mara nasikia neno hili: “Bwate ya zamani, usibadilishe mafuta yake, itakufa.” Baba mmoja wa Salamabila aliniambia: “Fundi, hii gari ndiyo shamba langu. Ikikufa, watoto watasoma na nini?” Nikamuuliza: “Inateleza?” Akajibu: “Hapana, inashika vizuri.” Basi, hapo ndipo pa kubadilisha. Bwate inayoteleza imekwisha kulika ndani. Mafuta mapya hayaifufui, na lawama inaangukia mafuta.

Pima kwanza. Simamisha gari mahali sawa, motere iwake na iwe ya moto. Upitishe mkono wa vitesi mahali pote, urudi kwa P, kisha uvute kijiti. Mafuta mekundu ni mazuri. Yakiwa meusi na kunuka moto, bwate inaumia. Yakifanana na maziwa yenye wekundu, maji yameingia: pengine mulivuka mto wenye kina, ao radiateri imetoboka ndani. Usiendeshe tena.

Ukienda kununua, usianze na bei. Soma kitabu cha gari ao kijiti chenyewe. Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zinaomba Dexron II ao III. Za nyuma yake zinaomba T-IV ao WS. Usichanganye. Tena ujue: General Motors iliacha kutoa ruhusa ya Dexron III mwisho wa 2006, haikagui tena jina hilo kwenye bidoni. Kwa hiyo nunua kwa muuzaji unayemjua, bidoni iliyofungwa.

Ukifungua kizibo, sehemu tu inatoka. Mengine yanabaki ndani. Usiyasukume kwa nguvu. Pima yaliyotoka, rudisha kiasi kilekile, tembea siku chache, urudilie.

Ile gari ya Salamabila tuliirudilia mara tatu. Mpaka leo inapanda milima, na watoto wanasoma.