Daftari Kwanza, Kebo Baadaye

Wamagana, Tetu

Mpwa wangu,

Mama yako ameniambia umeajiriwa katika studio ya redio mjini Nyeri, na kwamba tangu ufike unashinda chini ya meza ukipambana na nyaya. Nimefurahi sana. Mji huo si mgeni kwa kazi hii. Kenya Broadcasting Services ilipoundwa mwaka wa 1954, Nyeri ilipewa kituo cha Mlima Kenya, sawa na Mombasa iliyokuwa na Sauti ya Mvita na Kisumu iliyokuwa na kituo cha Ziwa. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na mkoloni alikuwa na sababu zake za kutaka asikike huku milimani. Hayo tuyaache.

Sisi tulilelewa na waya. Kila maikrofoni ilikuwa na wake, na sauti ikipotea uliufuata kwa mkono mpaka pale panya alipoutafuna. Ninyi mnapitisha studio nzima katika kebo moja ya mtandao; ukiitazama huwezi kujua kinachopita humo ni nini wala kinaelekea wapi. Ndiyo maana nakuambia ununue daftari kabla hujagusa swichi. Andika kila chombo, anwani yake, tundu lake na chaneli kinayobeba. Vyombo vya hewani vipe anwani za kudumu, visiwe vya kuiomba ruta kila stima inapopotea na kurudi, na stima ya huku unaijua. Ukikuta chombo kina anwani inayoanza na 169.254, kiliomba kikakosa wa kujibu, kikajipa chenyewe. Hapo usizungushe kifundo chochote cha sauti. Tafuta kwa nini hakikujibiwa.

Swichi ndiyo itakayokusumbua zaidi. Sauti ya stereo isiyobanwa, ya sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24, hula zaidi ya megabiti 2 kila sekunde. Huo si mzigo kwa swichi ya gigabiti. Lakini mifumo ya kupitisha sauti mtandaoni kama Livewire hutumia multikasti: chombo kinatoa sauti mara moja, na wanaoihitaji wanajiunga. Swichi isiyofuatilia nani amejiunga itaimwaga kila tundu, hadi kwenye printa ya mhasibu. Basi washa ufuatiliaji wa IGMP, itifaki ambayo vyombo huitumia kujiunga, tena uhakikishe iko swichi moja inayouliza kila mara nani bado anasikiliza. Akikosekana huyo muulizaji, sauti hutoka safi kwa dakika chache, watu wakushukuru, halafu kimya. Nimeona mafundi wakibadilisha kebo tatu nzima nzima kwa sababu hiyo. Na ile huduma ya swichi ya kubana umeme, izime.

Kuna pia saa. Vyombo vyote lazima vifuate saa moja, la sivyo utasikia vijimlio vya tik-tik kama kwaya yenye viongozi wawili. Dante, mfumo mwingine wa sauti mtandaoni, kwa kawaida yake hutumia toleo la kwanza la PTP, itifaki ya kulinganisha saa. AES67, kiwango kilichotolewa mwaka wa 2013 ili vyombo vya makampuni tofauti vielewane, hutumia la pili. Ukitaka chombo cha Dante kizungumze na kisicho cha Dante, ingia kwenye mipangilio uwashe AES67. Mara nyingi huwa imezimwa, na mwenye duka hatakuambia.

Umeniuliza kwa nini kiungo cha redio kutoka studio hadi mlingotini hulegea asubuhi za mvua. Wenzako wanalaumu ukungu. Ukungu hauna nguvu hiyo kwenye masafa ya gigahezi 5. Tazama miti iliyo katikati ya njia: imerefuka tangu antena zifungwe, na majani yakilowa hunywa wimbi. Usithubutu kumwomba mwenye shamba akate. Hapa ni Tetu, kwa Wangari Maathai, mtetezi wa miti aliyekuwa mbunge wetu tangu uchaguzi wa 2002 hadi 2007. Pandisha antena.

Kuhusu laini ya simu kama njia ya akiba, ni wazo zuri, ila jua kwamba kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kwa hiyo studio haiwezi kukipigia hodi chombo kilicho mlingotini. Panga kile cha mlingotini ndicho kiite studio, na studio iwe na anwani ya kudumu ya kuitika. Ongeza akiba ya sauti hadi nusu sekunde au zaidi; msikilizaji wa Ihururu hatajua umechelewa.

Ukimaliza, subiri usiku wa manane nyimbo zikijiendesha zenyewe, uchomoe kiungo cha redio kwa makusudi uone kama laini itashika. Mwambie meneja kwanza.

Ni mimi mjomba wako.