Sofa nimeuza, jamani mnisamehe!

Mpenzi msomaji, ukibisha hodi kwangu siku hizi utakaribishwa mkekani. Sofa sina, nimeuza. Kabla hujaanza kunisema, subiri nikusimulie.

Nimepanga chumba kimoja Sinza. Mchana niko kazini, usiku na Jumapili niko na cherehani yangu. Mwaka jana shoga yangu aliniletea pisi ya kitenge kutoka Kariakoo, nimshonee gauni la sendofu ya mdogo wake. Sendofu yenyewe Jumamosi. Mimi huyo, kwa kujiamini, nikamwambia asiwe na shaka.

Basi bwana, Ijumaa usiku ndipo chumba kilipoamua kuniumbua. Cherehani ilikuwa imebanwa kati ya kabati na sofa, nashona huku kivuli changu mwenyewe kikiangukia mshono. Kitambaa nakatia kitandani, na godoro unalijua, halinyooki. Mkasi nautafuta dakika ishirini, kumbe nimeukalia. Futikamba iko chini ya sufuria, usiniulize kwa nini. Pasi nikaiweka juu ya nguo, nikageuka kidogo tu kutafuta zipu. Nilishtushwa na harufu. Alama kubwa kama kiganja, kifuani kabisa!

Shoga yangu hakunigombeza. Alilitazama gauni, akalikunja taratibu, akaenda kuazima nguo ya mtu. Wiki tatu hakunisalimia. Bora angenitukana.

Nikakaa kwenye sofa hilo hilo kupiga hesabu. La watu watatu, nimelilipia miezi minane, na wageni wanaolikalia hawazidi wawili kwa mwezi. Wakija wanakunywa soda, wanaondoka. Mimi ninayeishi humu ndani nashona nimejikunyata kama kuku kwenye tenga! Wiki ile ile likapanda kirikuu, likaenda zake.

Kwa pesa ile nikamwita seremala wa mtaani. Ubao mmoja tu, chini ya dirisha, umefungwa ukutani kwa bawaba. Nikitaka kukata nguo nauinua, nikimaliza nashusha, njia inarudi. Kimo chake nilikikazania kifike kiunoni, maana kuinamia kitanda kulishanipa mgongo wa bibi kizee. Cherehani nikaigeuza mwanga uje kutoka kushoto, na taa ya usiku ikakaa upande huo huo. Pasi ikapata kona yake. Halafu kulikuwa na khanga moja iliyopoteza mwenzake wa doti. Nikaishonea mifuko, nikaipigilia ukutani. Mkasi, chaki, bobini, vyote navifikia bila kuinuka.

Lakini kilichonishangaza ni vipande. Zamani mabaki ya vitambaa niliyasokomeza kwenye gunia chini ya kitanda. Sasa nimeyapanga kwa rangi kwenye vikapu vilivyo wazi. Jumapili moja bluu ikaangukia karibu na njano ya embe, nikaona kama zimependana. Nikaziunga, ukatoka mkoba. Kwa kweli huko nyuma mawazo yalikuwa yanakuja, ila niliyamaliza kwa kutafuta mkasi. Ukipatikana, wazo limeshalala.

Najua wapo watakaoniambia sanaa haihitaji sehemu maalumu. Watanitajia Edward Tingatinga, aliyeanza kuchora hapa hapa Dar mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi. Sawa, wala sibishi. Lakini nina hakika brashi yake haikuwa chini ya sufuria.

Juzi shangazi alikuja kutoka Morogoro. Nikamwamkia, akaitikia huku macho yanazunguka chumba kizima.

“Mwanangu, sasa wazee wa mchumba wakija watakaa wapi?”

Nikamtandikia mkeka, nikamletea chai. Alikunywa akiutazama ule ukuta, kikombe cha kwanza, cha pili. Mwisho akafungua mkoba wake, akatoa blauzi iliyofumuka kwapani.

“Haya, nishonee na hii. Uzi wake nauona ule pale.”

Na shoga yangu? Ule mkoba wa bluu na njano nilimpelekea yeye. Aliupokea, akanishukuru, na siku hizi anaubeba hata kazini. Kitenge kingine bado hajaniletea.